Jirani Aseme Kwanza

Juzi nilisahau ufunguo ndani, mlango ukajifunga nyuma yangu. Nikaenda pale Kamembe wanapofundisha mafundi wa vitasa, na mwalimu akanipa mwanafunzi wake mmoja, dada wa Gashonga mwenye mfuko wa vyuma vyembamba.

Tulipofika mlangoni hakuufungua ule mfuko.

"Papa, nani hapa anakujua? Mu kalasi batufundisha hivi: mbele ya kugusa serire ya mulango, jirani aseme nyumba ni ya nani."

Nikamwita mama wa nyumba ya pili, aliyekuwa akichambua maharage uani kwake. Akaniangalia toka viatu hadi kichwa.

"Namuonaka asubui akitoka," akamwambia fundi. "Jina yake sijue."

"Muko majirani tangu lini?"

"Iko myaka ine."

Fundi akanitazama, nami nikayatazama maharage. Yule mama akafikiri kidogo, kisha akaongeza kwa upole:

"Umufungulie tu. Nyumba ni yake. Kila mangaribi nasikiaka anafunga mara mbili."

Kitasa kilifunguka kabla sijamaliza kuona haya. Miaka minne yote nilidhani ninaowafungia nje ni wezi.