Mita Thelathini za Mama Kelly

Dorothée, ambaye sisi wa mtaa wa Alby, huku Uswidi, tunamwita Mama Kelly, ana miaka hamsini na miwili, anatunza wazee kazini, anaimba kwaya, na kila Jumamosi anapiga mbizi kwenye machimbo ya zamani yaliyojaa maji baridi. Mimi, niliye rafiki yake kwa miaka kumi na tisa sasa, nilimwuliza kama ana akili timamu.

"Dada Rita," akanijibu, "kule chini hakuna mtu ananiita."

Asubuhi hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nimempigia simu mara nne.

Sasa alitaka kufika kina cha mita thelathini, na mwalimu wake Noah, kijana wa Kiswidi, akasita. Chini ya maji mtu huulizwa hali kwa mkono. Ukigusanisha kidole gumba na cha shahada, uko sawa. Ukiyumbisha kiganja, kuna tatizo. Kwenye mazoezi Mama Kelly alijibu sawa kila alipoulizwa. Walipotoka, glavu yake ilikuwa imejaa maji na vidole vimekufa ganzi.

"Ulisema uko sawa," Noah akalalamika.

"Si uliniuliza hali?"

Kwetu, iwe Meru kwangu au Bujumbura kwake, ukiulizwa hali unajibu nzuri kwanza, hata kama umelazwa kwenye machela. Mabaya hufuata ukishakaribishwa chai. Noah hakuwa na chai. Alisema akifichwa ukweli tena, basi, hatampeleka kokote.

Wiki nzima ikawa ya kumfundisha mwanamke mzima kujibu salamu. Jumapili, Mzee Mashauri, shemasi wetu, akamsalimu mlangoni mwa kanisa: "Habari za asubuhi, mama?"

"Mbaya kidogo. Goti linauma, na kwaya imenichosha."

Ndugu watatu wakamwekea mikono hapo hapo na kuanza kuomba. Mimi nilitoka nje kucheka.

Jumamosi ya Oktoba nikampeleka machimboni. Alivaa sufu juu ya sufu, kisha lile vazi zito lisilopitisha maji. Noah akakagua shingo na mikono ya vazi, mtungi wa hewa, akarudia tena. Wakazama, nikabaki ukingoni na chupa ya chai, nikiwa na hasira na nisijue na nani. Walipaswa kukaa chini karibu nusu saa. Dakika ya tisa vichwa viwili vikaibuka, na mimi nikapiga kelele ya msibani.

"Nimeyumbisha kiganja," Mama Kelly akasema, meno yakigongana. Kwenye mita ishirini giza lilimzidi, akawa anahema ovyo. "Nimeogopa, dada. Nimeogopa sana."

Nikadhani ndoto yake imeishia hapo. Lakini Noah alikuwa akitabasamu.

"Jumamosi ijayo tutajaribu tena," akasema. "Sasa naweza kwenda na wewe."

Tulirudi mjini taratibu, yeye akiwa amekumbatia kikombe kwa mikono yote miwili. Alikuwa na furaha, ikanifurahisha na mimi. Ghafla akanigeukia.

"Na wewe, dada Rita, habari yako?"

"Nzuri."

 Aliendelea kunitazama tu, akingoja, kilomita mbili, tatu. Nikaingiza gari kwenye kituo cha mafuta, nikazima injini, nikamwambia kwamba mume wangu alihama nyumbani tangu Pasaka.