Maana ya Pili ya "Keep"

Jirani amemwaga samadi bustanini asubuhi hii, nami nimefunga madirisha. Harufu ile hunirudisha kwenye zizi letu, karibu na stesheni ya Gulwe.

Bwana Shauri, yule Mzungu aliyetawala wilaya yetu, alikuja na askari kuchukua ng'ombe kwa ajili ya vita vyao. Baba, aliyepata Kiingereza kidogo misheni, alimuuliza ng'ombe watarudi lini. Mzungu akajibu kwa maneno machache, na baba akarudi kwetu akitabasamu.

"Amesema keep," akamwambia mama. "Keep ni kufuga. Watatufugia mpaka vita viishe."

Ng'ombe wakapandishwa behewani wakilia. Tangu hapo mama akawa analifagia zizi kila alfajiri, ili wakirudi wakute pasafi.

Baadaye mwalimu wetu aliliandika neno lile ubaoni. Maana ya kwanza, kufuga. Ya pili, kuchukua kitu kikawa chako, usikirudishe. Nilikimbia nyumbani kumweleza baba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mtu atajuaje ni ipi?"

"Mwalimu anasema inategemea anayesema ni nani."

Mama alikuwa zizini, akisikia yote, na ufagio wake haukusimama.

Mvua zikaja, mchicha ukaota kwenye ile samadi ya zamani, ukaushinda ufagio, ukanipita kimo. Nyumbani hatukuwa na chakula, lakini mama alitukataza kuuchuma.

"Uacheni," alisema. "Wakirudi watakuwa na njaa."