Routeur ya Siku ya Mahari

Jumamosi iliyopita modemu yake ya intaneti ilimtia Mama Martine aibu ambayo hajaimeza bado. Wakwe walikuwa wamekaa sebuleni kwake, mtaa wa Annexe, pembezoni mwa mji, kuzungumzia mahari ya binti yake Exaucée. Mwenye haki ya kumtoa binti kwa wakwe ni Tata Édouard, mdogo wa marehemu mumewe, naye anaishi Mbuji-Mayi, kwa hiyo walimwita kwa video. Walipomuuliza kama anamtoa, uso wake uliganda, mdomo wazi, kisha akapotea kwenye skrini. Mzee Chileshe, baba ya bwana harusi, akasimama.

"Anatukatia simu? Basi tutarudia mara moja tu, Jumamosi inayokuya."

Sasa ni Alhamisi. Martine yuko dukani kwa Aristote, muuza vifaa vya simu, mbele ya routeur mbili, vifaa vya kusambaza intaneti nyumbani. Moja nyeusi, antena nne, ya heshima kweli. Wakwe wakiiona tu watanyamaza. Nyingine ndogo kama kipande cha sabuni, lakini ina betri yake.

"Kamata ya antena, mama. Njo bantu ba Golf, kule kwa batajiri, banatumia."

"Ba Golf beko na courant ya umeme. Kwetu inaendaka bila kuaga."

"Basi hii ndogo. Réseau ya kampuni gani ya simu inafika kwenu?"

Hakujua. Hata ile modemu aliinunua bila kuuliza.

"Nipe nikaijaribu ku nyumba kwanza."

Aristote akacheka. "Mama, hii haiko bukari ya kuonja ku sufuria!"

"Mutoto wangu anakosa ndoa, we unacheka?"

Akaacha kadi yake ya mpiga kura kama rehani, akaondoka na routeur ndogo na SIM mbili za kampuni tofauti.

Sebuleni, SIM ya kwanza: haishiki kabisa. Ya pili: mstari mmoja wa mtandao. Akazunguka nyumba nzima mpaka nyuma ya jiko, karibu na mahindi. Mistari minne. Nyuma ya jiko! Nani anakalisha wakwe kwenye masufuria?

Yeye. Jumamosi aliwapangia viti hapo hapo, Exaucée akakaa kando yake.

"Leo banatupokea ku makala ya jiko?" Mzee Chileshe aliuliza.

"Tata, hapa njo sauti ya ndugu yetu inafika," Martine akamjibu.

Mzee akakaa, polepole. Tata Édouard akatokea, akaulizwa lile swali. Uso wake hautikisiki. Martine akakodolea macho taa za routeur. Zote kijani.

"Munaniangalia nini?" akasema Tata Édouard. "Niko nangojea Exaucée aseme wa kwanza kama anakubali."