Darasa Lilipokosa Kelele Zangu

Mpaka katikati ya kidato cha pili hakuna mwanafunzi aliyenizidi kelele darasani, na wala sikuhitaji kufungua mdomo. Kelele zilikuwa za mashine yangu ya breli, chuma kizito chenye vitufe vichache ambacho huinua nukta kwenye karatasi ngumu ili sisi tusioona tuzisome kwa vidole. Kila herufi ilikuwa na kishindo chake. Mstari ukikaribia kuisha, kengele ndogo inalia, ting, nami naanza mwingine. Mwalimu wa historia, ambaye notisi zake alizitamka badala ya kuziandika ubaoni, alikuwa akisema sentensi moja ananyamaza, anasubiri chuma kitulie, ndipo anasema nyingine.

Najua watu wakisikia habari za breli, swali lao la kwanza huwa nilipofukaje. Huwa nawajibu kwamba hilo silo lililonipeleka shule. Nilishuka kutoka kwetu Uluguru, juu kabisa milimani, ambako pikipiki huishia njiani na mtu humalizia kwa miguu, nikaja kukaa bweni mjini Morogoro kwa sababu hapo palikuwa na shule inayowasomesha wanaoona na wasioona katika darasa moja. Mama alinisindikiza mpaka bwenini, akakipapasa kitanda changu chote kabla hajakubali kuondoka.

Shule niliipenda, ila mashine ilinitia haya. Siku moja mgeni aliyekuja kukagua shule alisimama mlangoni akauliza, "Nani huyo anashona?" Darasa lilicheka mpaka likakohoa, nami nikacheka kuliko wote, maana ukichekwa ni heri uonekane umo kwenye utani. Tangu siku hiyo nikawa Fundi Cherehani. Jina lenyewe halikuniudhi sana. Kilichoniudhi ni ule ukimya wa mwalimu, darasa zima limekaa linanisubiri mimi. Nilijiona mzigo, na nalisema hivyo hivyo bila kulipamba.

Mwenzangu wa dawati alikuwa msichana wa mtaa wa Kihonda, mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani, anayekuja asubuhi na kurudi kwao jioni. Alijipa mwenyewe kazi ya kunisomea ubao na kunielezea michoro. "Ini limekaa kulia," alikuwa akininong'oneza kwenye kipindi cha baiolojia, "limelala kama embe lililokaliwa." Mimi nilimsaidia Kiingereza, lugha ya karibu masomo yote ya sekondari, iliyompiga chenga. Sote tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ila mimi utoto wangu wote niliumaliza na redio sikioni, nikiwaiga watangazaji hata nisipowaelewa. Yeye aliandika polepole, akiliwaza kila neno kabla hajaliweka.

Na mwaka ule haukuwa wa mchezo. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ukikuangusha, unarudia darasa. Baba yake alikwishatamka kwamba kwake hakuna kurudia: akifeli, ataenda Dakawa kwa shangazi yake akasaidie mashamba ya mpunga, na shule ndiyo basi. Aliniambia hayo akicheka, lakini alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu. Mimi sikutaka aende. Watu wa kunivusha barabara walikuwa wengi, wa kunichekesha kwenye baiolojia alikuwa mmoja.

Kisha zikaja kompyuta mpakato, chache, za sisi tusioona. Zinasema. Ukibonyeza herufi inaitaja, ukifungua ukurasa inakusomea, yote kwa hedifoni, hakuna mwingine anayesikia. Kiingereza inakisoma vizuri. Kiswahili inakisoma kama mtalii aliyeshuka jana, mpaka unamwonea huruma. Niliipenda siku ile ile. Nikikosea nafuta, jambo ambalo kwenye breli ni shughuli pevu. Na kitabu nikikitaka nakisoma saa ninayotaka, simsubiri mtu mwenye nafasi na macho.

Kipindi cha kwanza cha historia nikiwa na kompyuta, niliandika kimya kimya kama wenzangu. Hakuna aliyegeuka. Nilifurahi mpaka mashavu yakaniuma.

Mwalimu naye alifurahi. Chuma kilikuwa hakilii tena, hivyo hakuwa na cha kusubiri. Akawa anatiririka tu. "Sasa tunakwenda!" alisema, akamaliza mada tuliyotegemea ituchukue mwezi mzima. Mimi nilikwenda naye bega kwa bega, vidole vyangu vyepesi kwenye vitufe laini, nikiona raha ya kukimbia ambayo kwa miguu sikuwahi kuipata.

Yakaja majaribio. Nilipanda. Mwenzangu alishuka mpaka karibu na mkiani, na si historia peke yake. Nilipomuuliza kulikoni, alisema tumbo linamsumbua. Kesho yake kichwa. Kwenye baiolojia alinisomea ubao bila utani hata mmoja, figo ikawa figo tu. Hapo nikajua kuna jambo.

Nilimkamata wakati wa mapumziko, kwenye bomba nyuma ya darasa. Mimi subira sina.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi sema. Unanisomea kama unasoma tangazo la msiba."

Alifunga bomba. "Unafikiri mwalimu alipokuwa anasubiri ile mashine yako, sisi tulikuwa tunafanya nini?"

"Mlikuwa mnachoka kunisubiri."

"Tulikuwa tunaandika, wewe!" Sauti yake ilipanda. "Wote wa nyuma, na mimi. Ukigonga, tunaandika. Ile ting yako tulikuwa tunaiombea ichelewe. Sasa mwalimu anaruka, neno linakupita, unalifukuza, sentensi nzima inakupita. Jioni nyumbani nashika daftari, sielewi hata nilichoandika mwenyewe."

Nilikasirika, sijui hata nilimkasirikia nani. "Kwa hiyo unataka nirudi kwenye chuma?"

"Nimesema hivyo?"

"Mbona hamumwambii mwalimu aende taratibu?"

"Nani anyooshe mkono aseme mimi mzito? Wewe ulikuwa na sababu, dada. Sisi tutaambiwa wazembe."

Kengele ya kuingia iligongwa. Tulirudi darasani tumeshikana mikono.

Neno lile lilinikalia. Zaidi ya mwaka nilikuwa nimeomba radhi moyoni kwa kelele zangu, kumbe kuna watu walikuwa wamejibanza chini yake kama mtu aliyekimbilia baraza la jirani mvua ikinyesha. Jumamosi nilienda kwenye chumba tunachotunzia vifaa, nikaigusa mashine yangu. Ilikuwa pale, baridi, imeanza kushika vumbi. Nitasema kweli: sikuitaka. Nilisimama pale nikitafuta moyo wa kuibeba kuirudisha darasani kwa ajili ya rafiki yangu, na moyo huo sikuupata. Kompyuta ilikuwa imenipa kitu nilichokililia tangu utoto, na sikuona kwa nini mmoja wetu ahame ili mwingine akae.

Jumatatu mwalimu wa historia akaingia, tukamwamkia, akaanza kutamka. Nilivua hedifoni upande mmoja. Sikuwa nimewahi kulisikiliza darasa langu likiandika. Kwanza nilikuwa na chuma, halafu nikawa na mtalii sikioni. Sentensi iliisha, nami nikamaliza nayo. Nyuma yangu kalamu zilikuwa bado zinakwaruza, nyingi, nyingine kwa haraka ya kukata tamaa. Ya jirani yangu iliandika, ikasimama, ikaandika, ikakata maneno kwa hasira. Mwalimu akavuta pumzi aanze sentensi nyingine.

Nikanyoosha mkono. 

"Ndiyo, binti. Kompyuta imegoma?"

"Haijagoma, mwalimu. Naomba utusubiri kidogo."

"Hujamaliza?"

"Mimi nimemaliza. Wenzangu ndio bado. Nawasikia wanaandika."

Kalamu zote zikakoma. Nikawaza, haya, nimeharibu, nimewaanika watu. Mwalimu alitembea hatua kadhaa, viatu vyake vikaja mpaka karibu na dawati letu.

"Nani hajamaliza?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali.

Pembeni yangu kiti kikasogea, na mwenzangu akasimama.

"Mimi, mwalimu."

"Na mimi," mvulana mmoja akasema kutoka nyuma. Viti vikaanza kusogea huku na huku, mpaka mwalimu akacheka, kicheko cha mtu aliyejigonga. "Jamani," alisema, "nilidhani tunakwenda wote." Akavuta kiti chake, akaketi, akaanza upya kutoka juu ya ukurasa. Tangu siku hiyo kila baada ya sentensi alitulia, na zile mada alizokwisha kuzikimbiza alizirudia nasi mchana baada ya vipindi, mimi nikitamka kwa sauti yale kompyuta inayonisomea sikioni, wao wakiandika. Baiolojia ilirudi kuwa na maembe.

Matokeo yalitoka nikiwa likizo nyumbani. Nilikuwa nimekaa uani na mama, tukibandua magome ya mdalasini, simu ikaita. Mwenzangu wa dawati hakunisalimia, hata jina langu hakulitaja.

"Nimepita," alisema, akaanza kulia. Nikalia na mimi kwa sauti, kisu kikanidondoka.

Mama aliruka. "Nani kafa? Mwanangu, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama," nikamwambia nilipoweza kusema. "Tunaingia kidato cha tatu."