Chungu Chenye Jina la Mama Mkubwa

Katika chumba cha maonyesho cha chuo nilikosoma, jijini Mbeya, kuna chungu chenye kibandiko kinachosema kilifinyangwa na mama yangu mkubwa wa Ikombe. Hakukifinyanga yeye. Jina lake nililiandika mimi, nikijua.

Nilikuwa mwaka wa pili. Mhadhiri wetu wa sanaa alikuwa akipanga upya chumba hicho, ambako wageni wa jiji huletwa kutazama ngoma, mikeka na vinyago. Alichukizwa na vibandiko vilivyosema tu "chungu, Nyasa" au "mkeka, Kyela", kana kwamba vitu hivyo viliota vyenyewe.

"Kila mmoja alete kitu kimoja kutoka kwao," alituambia, "na jina la aliyekitengeneza."

Kwetu ni Ipyana, kwa wakulima wa mpunga na kokoa, lakini mama ni Mkisi wa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi ufukweni mwa Nyasa. Nilimpelekea dada yake ujumbe wa kuomba chungu, na likizo ilipofika nikapanda mtumbwi kutoka Matema kwenda kwake. Chungu kilikuwa kimeshachomwa, kimewekwa juu ya majani ya migomba. Alinipa na agizo moja: "Kipakate mpaka ufike."

Kwenye basi la kutoka Kyela nilikuta wanafunzi wenzangu. Niliona aibu kupakata chungu kama mama anayekwenda gulioni, nikakitia kwenye buti, kati ya mikungu ya ndizi. Tuliposhuka nilikitoa kikiwa vipande vitano.

Kesho yake nilikwenda sokoni, nikanunua kingine kwa mchuuzi mwenye rundo la vyungu vya Ikombe. Machoni pangu vyote vilikuwa kimoja: shingo fupi, tumbo la mviringo, nakshi nyeupe. Nikaandika kibandiko. Mama mkubwa nilimwambia kimefika salama.

Habari kwamba chungu chake kimewekwa chuoni ilienea Ikombe. Baada ya miezi kadhaa mama mkubwa alikuja kukiona, pamoja na jirani yake, mfinyanzi mwenzake. Wote walivaa nguo za kanisani. Jirani ndiye aliyeanza.

"Dada, wamekuwekea chungu kwenye kioo kama maandazi ya hotelini!"

"Cheka tu. Chako kiko wapi? Kinachemsha maharage."

Walisogea karibu, na vicheko vikakatika. Mtunzaji wa chumba, akidhani wameguswa na furaha, akafungua kabati. "Karibu ukishike, mama. Ni kazi yako hii."

Mama mkubwa hakuhangaika na nakshi. Aliingiza mkono ndani, akapapasa ukuta taratibu kutoka mdomoni hadi chini, mahali ambapo vidole vya mfinyanzi huacha alama zake. Akarudi juu. Akatafuta tena. Jirani hakukitazama chungu, alinitazama mimi.

"Ndicho chenyewe, mama?" mtunzaji aliuliza.

"Ndiyo, baba. Ni changu. Ndaga." Akashukuru hivyo, kwa Kinyakyusa, na mtunzaji akampiga picha amekishika.

Nje nilianza kueleza habari za buti na ndizi. Alinikatiza.

"Nilikwambia ukipakate."

"Mama, ngoja nirudi ndani nikaseme ukweli."

"Ukaseme nini? Kwamba mama yako hajui chungu chake, au kwamba ni mwongo? Chagua."

Jirani akaingilia. "Na huyo mwenye chungu je? Yeye hana mikono?"

Mama mkubwa alikaza kanga yake kiunoni. "Mtafute kwanza," aliniambia. "Ukimpata, nitarudi humu mwenyewe, niseme mbele ya yule baba kwamba nilidanganya."

Nilimtafuta. Mchuuzi alisema hununua Matema kwa wanawake wengi, wala haulizi majina. Nilituma picha Ikombe. Wanawake wawili wamesema, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba chungu ni chake. Mmoja amehamia Malawi kwa wanawe na simu yake haipatikani. Wa pili nilimwomba aje Mbeya akihakikishe. Amekataa kupanda basi mpaka nimweleze kwanza kwa nini, siku ile nilipokuwa na kalamu mkononi, sikutaka kujua jina lake.

Bado sijamjibu.