Picha Ambayo Mkaguzi Hakuletewa

Aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mishono tarehe 9 Februari 2004. Tarehe hiyo imechapwa kwenye kitambulisho cha kiwanda, anachokivaa shingoni hata akienda sokoni. Shati linaletwa mezani kwake, analigeuza, anavuta mshono wa kwapa kwa vidole gumba, na uzi ukilegea analirudisha bila kumtazama aliyelishona. Kwao wanamwita Mkaguzi, na si kwa mapenzi.

Mwaka jana mama yake alipata kiharusi. Tangu hapo yuko kwenye kiti cha magurudumu, nyumbani kwa Mkaguzi. Wifi yake, mke wa kaka yake, anayeuza vipuri vya pikipiki, alitaka mama ahamie kwao. Wanawake hao wawili wakaacha kusalimiana. Mama akasema wote waende likizo wiki moja, wakae nyumba moja, halafu ataamua atakaa na nani.

Kazi ya kutafuta nyumba ya kukodi Mkaguzi aliinyakua. Alizikuza picha kwenye simu mpaka madoa ya unyevu darini yakaonekana. Maoni ya wageni yaliyosifu mandhari tu aliyaruka, akasoma yaliyolalamika. Alimpigia mwenye nyumba kuhusu tangi, jiko la gesi, kelele za jirani na upana wa mlango wa bafu. Nyumba kadhaa alizikataa. Moja ikapita.

Wifi aliiangalia simu ile kwa pembeni.

"Mbele pakoje? Sioni mlango wa kuingilia."

"Wifi, picha zipo hapo."

"Za ndani zipo. Mwambie huyo mwenye nyumba ashike simu, atembee kutoka getini mpaka kitandani. Ni kitu cha dakika mbili."

"Mimi nakagua vitu tangu hujaolewa. Wewe kauze plagi."

Ukweli ni kwamba lile pengo la picha ya mbele hakuwa ameliona. Mezani kwake kiwandani anakagua kilicholetwa. Kisicholetwa hakimhusu, na hakuna aliyewahi kumlaumu kwa hilo.

Siku ya safari walipofika, walikuta nyumba iko juu ya gereji. Ngazi za zege zilipanda ubavuni mwa ukuta, nyembamba, wima, bila pa kushika. Kaka alizima gari. Mama alizitazama kupitia dirisha la gari.

Mwenye nyumba alishuka akichezea funguo.

"Hizi ngazi mbona hukuzisema?" Mkaguzi alimvaa.

"Hukuziuliza. Umeuliza bafu, nimelipima. Umeuliza tangi, nimelipanda nikalipiga picha. Wiki nzima umenikosesha raha, dada, na ngazi hukuuliza."

"Mtu mzima unaficha ngazi?"

"Nimezificha wapi? Si hizo hapo?"

Mafundi wa gereji waliacha kazi wakaja kuangalia. Kaka akakunja mikono ya shati. "Tutambeba."

"Mtambeba nani?" mama alisema. "Mimi si friji. Asubuhi mnishushe, jioni mnipandishe, na hawa vijana muwatoze kiingilio?"

Wifi alikuwa amesimama nyuma ya gari.

"Sema basi," Mkaguzi alimgeukia. "Si umefurahi?"

"Sijasema kitu."

"Uso wako unasema."

"Uso ni wangu, wifi. Nao utaukagua?"

"Ulijua!"

"Ningejuaje? Niliuliza. Ungemuuliza mwenye nyumba, tungejua wote."

"Aliuliza nini?" Mama alifungua mlango wa gari. "Nawauliza ninyi."

"Mbele ya nyumba pakoje," kaka alisema, akitazama chini.

"Na wewe, binti yangu, ukamjibu nini?"

"Nilimwambia akauze plagi."

Fundi mmoja alicheka, akanyamaza alipoona amecheka peke yake.

"Kwako nakaguliwa nywele mpaka kucha," mama alisema. "Uji nimemaliza, nguo nimefunga vifungo, dawa nimemeza. Kuniuliza nimelalaje, hujaniuliza tangu nije. Mwanangu, washa gari. Twende kwenu."

"Mama, nimehangaika na nyumba hii—"

"Nimeona ulivyohangaika. Funga mlango, joto linaingia."

Wifi alipanda mbele. Hakumtazama Mkaguzi, na Mkaguzi hakumuaga mtu. Nyumba ilikuwa imeshalipiwa, kwa hiyo alipokea funguo, akapanda, akakaa humo wiki nzima peke yake. Maji hayakukatika. Bafu lilikuwa na upana ule ule alioambiwa.

Mama anahamia rasmi kwa mwanawe wa kiume mwisho wa mwezi. Wifi ameshatoa meza ya kulia ili kitanda kipate nafasi karibu na dirisha. Mkaguzi ameambiwa siku ya kuhamisha vitu. Siku hiyo ana zamu kiwandani, na hajaomba ruhusa.