Nimesamehe, Sijui Nini

Krismasi iliyopita ilinigharimu shilingi laki moja na elfu sitini na mbili na mia tano, pamoja na nauli ya Kibosho kwenda na kurudi, na kuku mmoja aliyekuwa mwepesi kuliko nilivyoambiwa. Nimehesabu mara mbili. Kila shilingi najua ilikokwenda. Ninachoshindwa kukiweka mahali ni jani moja la isale.

Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo. Kwetu Wachagga, mtu aliyekukosea akikuletea jani lake anaomba msamaha, na wewe huna ruhusa ya kukataa. Unaweza kununa, unaweza kulia, lakini jani utapokea. Mimi nililipokea tarehe ishirini na nne Desemba, saa tano asubuhi, katikati ya soko, nikiwa na kuku kwapani.

Siku hiyo Moshi si mji wa kununulia kitu. Wenzetu wa Dar wamekuja kuhesabiwa nyumbani, magari yamejaa mpaka mbele ya maduka ya vyombo, watoto wanapigwa picha na mti wa Krismasi wa plastiki, na mkungu wa ndizi unapanda bei kwa kutazama miwani ya mteja. Mimi naishi hapahapa mjini, Shirimatunda, lakini siku hizo navaa kandambili na kitenge cha shambani, na tangu naingia sokoni naongea Kichagga kwa sauti, nisije nikahesabiwa na wageni.

Nguo za watoto nanunua kwa mtu mmoja tu. Ni dada wa Machame, rika langu, ana meza ya mitumba. Miaka kumi na miwili sasa. Nguo zake ni za kawaida. Namfuata kwa ajili ya ugomvi.

"Hili gauni elfu kumi na tano," atasema.

"Elfu tatu."

"Elfu tatu kanunue vifungo."

"Ndiyo nataka kununua. Hapa viwili havipo."

"Nyie wa Kibosho mnabana noti ya elfu mbili mpaka simba anaomba hewa."

"Na nyie wa Machame mmezoea kwaya. Kila kitu mnapandisha sauti, mpaka bei."

Hapo naondoka. Hatua ya sita, wakati mwingine ya saba, naitwa: "Wewe, rudi hapa, usinitie nuksi." Tunamaliza kwenye elfu sita. Halafu anamwachia jirani meza, tunakwenda kunywa mtori, ile supu ya ndizi na nyama, kwa mama lishe wa nyuma ya soko, na huko tunaanza upya kugombana nani alipe. Watu wanaotusikia wanadhani hatupatani. Mume wangu alipolazwa mwaka juzi, huyu ndiye aliyefunga meza siku tatu akaja kukaa na mimi kwenye benchi la hospitali, akilalamika muda wote kwamba benchi ni gumu.

Basi siku hiyo nilimkuta amesimama mbele ya meza badala ya nyuma. Hakunitukana. Akatoa jani chini ya khanga, limefungwa fundo, akanipa kwa mikono miwili.

"Dada yangu, nisamehe."

Nikamtazama nikidhani anatania. Macho yake hayakuwa ya utani. Muuza maputo wa jirani na wateja wawili wakageuka. Kuku akaanza kufurukuta. Mimi nikafanya alichofundishwa kila mtoto wa Kichagga: nikapokea.

"Yameisha," nikasema.

"Yameisha?"

"Yameisha kabisa."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Nami nikashusha pumzi, nikifurahi kwamba sasa ataniambia ni nini. Hakuniambia. Akakunjua gauni jekundu la saizi ya binti yangu, zuri, vifungo vyote vipo.

"Elfu tatu," nikasema, kwa mazoea.

"Chukua."

Nilibaki nimeshika gauni. Sikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo. Hatua zangu sita nilikuwa bado sijazipiga. Nikamwambia, "Hujasikia vizuri, nimesema tatu." Akasema amesikia, akalikunja na kulitia kwenye mfuko, na juu yake akaongeza soksi.

Kwa mama lishe alilipa kabla sijakaa. Nyama ya bakuli lake akaihamishia kwenye bakuli langu, vipande vinne. Tukanywa mtori kimya kama wakwe. Nilipoona hali inazidi nikamchokoza, nikasema mtori wa Machame ni maji ya kuoshea ndizi. Akasema, "Ni kweli, dada."

Usiku ule nilipitia miaka kumi na miwili yote. Labda lile koti lenye zipu mbovu. Lakini zipu niliiona, na nilipunguziwa elfu mbili kwa ajili yake. Labda amenisema mahali. Lakini ananisema kila wiki mbele yangu, tena kwa sauti. Labda alipokuwa akinifariji hospitalini kuna neno langu alilolitoa nje. Nikajaribu kukumbuka nilimwambia nini kwenye lile benchi, na sikukumbuka chochote zaidi ya ugumu wa benchi.

"Atakuwa amekosea chenji," mume wangu akasema.

"Chenji yake naihesabu mara mbili."

"Basi amekosea mara tatu."

Krismasi tulipanda Kibosho kwa mama yangu. Baada ya misa mbuzi alichinjwa, watoto wakakimbizana migombani na nguo mpya, na watu wazima wakakaa na mbege, pombe yetu ya ndizi. Nilimsubiri mama apate bakuli lake la supu, nikasogeza kigoda karibu yake.

"Mama, mtu akikuletea isale, unaruhusiwa kuuliza kosa?"

"Unaruhusiwa."

Nikafurahi.

"Kabla hujapokea," akaongeza. "Umeshapokea?"

"Nimeshapokea."

"Ulisema yameisha?"

"Mara mbili."

Mama akanywa supu. "Basi yameisha. Ukiuliza sasa ni kama umemrudishia jani lake. Na mtu harudishiwi."

"Lakini mama, nimesamehe kitu nisichokijua."

"Kwani ungekijua usingesamehe?"

Hilo ndilo swali lililoniharibia sikukuu. Nilikula nyama yangu nikilitafuna swali pamoja nayo. Ningesamehe, nadhani. Lakini ningejua ninasamehe kiasi gani. Sijawahi kununua kitu gizani maisha yangu yote, hata nyanya huwa nazipindua.

"Na labda mwenye kosa ni wewe," mama akasema, "yeye akaona aanze."

Sikumwelewa, na alipoombwa afafanue alisema supu inapoa.

Juma lililofuata nikarudi mezani kwake. Nilikwenda na mpango: nitaje bei ya kipumbavu mpaka akasirike, akikasirika tutakuwa tumepona. Aliponiona akainuka.

"Shikamoo, dada."

Shikamoo. Tumezaliwa mwaka mmoja, mimi nina miezi mitatu tu ya ziada, na kwa miaka kumi na miwili salamu yake kwangu ilikuwa "Umekuja tena?" Nikaitika marahaba huku masikio yanawaka. Nikachukua jaketi la elfu kumi.

"Elfu mbili."

"Sawa."

"Mia tano."

"Chukua tu, dada."

Nikajiona mwizi. Nikageuza mpango, nikamwambia nitalipa elfu kumi na mbili. Akasema sawa, akapokea, akanirudishia elfu kumi na moja. Alinipa kwa mikono miwili, kama lile jani, na hapo nikaelewa kwamba ananiogopa. Kumbe kila ninavyozidi kumjaribu, yeye anaona bado ninadai. Nilitaka kumwambia sidai kitu, lakini asiyedai kitu angeanzaje kusema hivyo bila kugusa kile kitu? Nikasema ahsante. Tukasimama pale, meza katikati, kila mmoja akimsubiri mwenzake amtukane.

Sijarudi tangu hapo. Jaketi halimtoshi mtu yeyote nyumbani.

Ninyi mnaozijua mila hizi kuliko mimi, hasa wa upande wa Machame, naomba mnishauri. Kosa lake sitaki tena kulijua. Nimelala nalo, nimelizoea bila kuliona. Ninachotaka ni yule mtu aniite nirudi nikiwa nimeshaondoka hatua sita. Shule zinafunguliwa Jumatatu na binti anahitaji sweta. Nikienda, nianze na neno gani?